Mlango wa Chumba cha Mwali

Juzi binti wa jirani yangu hapa Maili Moja alikuja kukaa barazani kwangu na vipeperushi vya shule ndani ya pochi. Akavitandaza mkekani. Kimoja kina picha ya bwawa la kuogelea, kingine basi la njano, kingine watoto wamevaa tai kama mahakimu. "Bibi," akaniambia, "wanasema zamani hii ndiyo ilikuwa kazi yako. Hebu nichagulie." Nilicheka, kwa sababu ni kweli ilikuwa kazi yangu. Na kwa kuwa najua wako wengi wanaohangaika kama yeye, nimeona niwaandikie nyote kwa mpigo, macho yangu yangali yanauona mstari.

Nilikuwa karani wa familia za wageni kwenye mradi mmoja wa Kibaha, miaka ile ya baada ya Uhuru hadi Ujamaa ulipopamba moto. Wataalamu walikuja kwa mikataba ya miaka miwili mitatu, wa mifugo, wa kilimo, wa mitambo ya maji. Walikuja na wake zao, na wake zao walikuja na watoto. Swali la kwanza la mama mgeni, kabla hata hajauliza habari za nyoka, lilikuwa mtoto wake atasoma wapi. Hapo ndipo nilipoitwa. Mzee Masanja, dereva wetu, anawasha Land Rover, tunapanda mimi na mama mgeni, tunakwenda kulinganisha shule.

Zenyewe hazikuwa nyingi. Ilikuwapo ya wageni kule mjini karibu na bahari, yenye walimu na vitabu vya kwao. Zilikuwapo za bweni, mbali milimani, mtoto anakwenda na blanketi lake na kurudi likizo. Palikuwa na darasa moja dogo la mradi palepale Kibaha, mwalimu mmoja na watoto wa kila rika. Na zilikuwapo shule zetu za msingi, ambazo wageni walizisifia kwa heshima kubwa, kisha wakazipita.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Yohana, Mlutheri wa Maneromango, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Kabla ya mradi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka mingi, na hakuna mwalimu mkuu aliyeweza kumbabaisha. Safari yangu ya kwanza bila yeye nilirudi nimelewa sifa. Tulipokewa kwa chai na biskuti, tukaonyeshwa piano na bustani ya maua, nami nikawa natikisa kichwa kama mtu aliyeletewa posa. Nilipomaliza kumsimulia, Mama Yohana akaniuliza:

"Choo umekiona?"

"Sikuona haja, mama."

"Haja si yako, mwanangu, ni ya mtoto. Ofisi wanaipiga deki wakisikia mgeni anakuja. Chooni hakuna anayekumbuka kupapanga. Anzia huko."

Tangu siku hiyo nikawa naanzia huko, na akina mama wa kigeni walinishangaa mwanzoni, baadaye wakanipenda kwa hilo.

Nilikosea na mengine. Kuna mhandisi mmoja wa kutoka India nilimsifia shule ya bweni kwamba watoto wanakula nyama kila siku. Kwa mtu wa Kisarawe wa wakati ule, nyama kila siku ilikuwa habari ya peponi. Kumbe familia ile haigusi nyama, tangu mababu. Mtoto alirudi likizo ya kwanza shingo imekuwa nyembamba, ameishi kwa ndizi na mkate. Baba yake hakunigombeza, alinieleza taratibu tu, na ule utaratibu wake ndio ulioniuma. Baada ya hapo nikawa nauliza mtoto anakula nini kwao kabla ya kuuliza yuko darasa la ngapi.

Saa ya mapumziko Mama Yohana hakukubali kukaa ofisini. Alisimama karibu na bomba la maji, akatafuta mtoto mmoja aliye peke yake, maana kila shule anaye, kisha akangoja aone kama kuna mwenzake atakayemwendea. Ile shule ya mjini ilikuwa nzuri kwa mengi, lakini pale bombani nilikuwa naona huzuni. Kila mwaka mikataba ikiisha, sehemu kubwa ya darasa inapanda ndege, na watoto walikuwa wamejifunza kutozoeana sana. Walicheza kwa adabu, kama abiria wanaongoja gari.

Swali lake la mwisho alilibakiza mpaka wakati wa kuagana. Anamtazama mwalimu usoni, anamuuliza kwa upole kabisa: "Na wako, mwalimu, anasoma wapi?" Wengine walijibu papo hapo. Wengine walianza kukohoa, na hao Mama Yohana aliwashukuru kwa chai akaenda zake garini.

Mzee Masanja alikuwa Msukuma, na mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu na ulimi wake haukuwa na breki. "Nyie Wazaramo," alikuwa akinichokoza tukikata kona ya Kongowe, "hodari kuwatafutia shule watoto wa wenzenu. Wa kwenu mnawafungia ndani mnawapigia ngoma." Nami namjibu kwamba wao wanawapeleka watoto kuchunga ng'ombe mpaka wanaanza kulia kama ndama. Tunacheka, barabara inakwisha.

Mwaka ule alipokuja Mama Birgit, utani huo ulikuwa umeanza kunichoma, na Masanja hakujua.

Mama Birgit alitoka nchi moja ya baridi huko Ulaya. Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili hivi, Elin, mtoto mkimya anayeuma ncha za nywele. Tulizunguka naye shule zote. Choo tuliona, bombani tulisimama, maswali yote tuliuliza, na lile la mwisho alilipenda sana, akawa analiuliza yeye mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kujifunza. Siku ya mwisho tunarudi kutoka mjini, jua kali, Elin amesinzia begani kwake, akanigeukia.

"Na wako, Zuhura, anasoma wapi?"

Mzee Masanja alikuwa anapiga mluzi. Akanyamaza.

Nilimwambia, "Yuko ndani." Akadhani mgonjwa, akaanza kunipa pole. Ikabidi nimweleze. Binti yangu Mwajuma alikuwa rika moja na Elin, darasa la saba. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, nami nilipopata kazi Kibaha nilimwacha kwa mama wa marehemu, katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amevunja ungo. Kwetu binti akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Haonekani na wanaume, hapigwi na jua, anafundwa na somo yake mambo ya utu uzima, mpaka siku ya ngoma ya kumtoa. Wengine walikaa miezi, wengine mwaka na zaidi. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu, na mwali hafanyi mtihani.

Mama Birgit hakusema neno baya juu ya mila zetu, nami nilimheshimu kwa hilo. Aliuliza tu, "Anayeamua ni nani?"

"Bibi yake."

"Umemuuliza?"

Kwetu mama mzazi hasemi katika mambo ya mwali. Hilo sikumweleza, nilitazama dirishani mpaka tukafika. Lakini usiku huo moyo ulikataa kutulia, na asubuhi nikamwomba Mama Yohana likizo fupi. Alinitazama kidogo, akasema, "Nenda. Na usiende kama mkwe tu, nenda kama karani."

Bibi Mwamvita, mkwe wangu, nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo si mwisho wa mwezi?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto mzima. Anakula, analala, amenawiri. Somo yake haruki siku."

"Mtihani umekaribia, mama."

Kisu hakikusimama. "Zuhura. Mwali hasemewi na mama yake. Hukufundwa?"

"Nilifundwa, mama."

"Haya basi."

Kutoka chumba cha uani, nyuma ya ule mlango mzito wa mninga, nilisikia sauti ya mwanangu, ndogo, imebanwa: "Mama, wenzangu wamefika wapi kwenye hesabu?" Bibi naye alisikia, akajifanya hakusikia.

Baada ya muda akaniuliza, "Hivi huko Kibaha unafanya kazi gani hasa? Watu wakiniuliza nasema anaandika. Unaandika nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia habari za akina mama wa kigeni, za vyoo, za kusimama bombani kumtafuta mtoto mpweke, za swali la mwisho. Kadiri nilivyoeleza, kisu kikapunguza mwendo, hatimaye kikasimama.

"Na huyo mama mgeni, akishaonyeshwa yote, asipoipenda?"

"Anakataa. Tunakwenda nyingine."

"Anakataa!" Akalirudia neno hilo kama anaonja chumvi. "Mimi watu wa shule walikuja na rejista, wakasimama hapo ulipokaa, wakaandika jina la mjukuu wangu, wakaenda zao. Hakuna aliyesema, bibi, njoo uone tunapokuwekea mtoto. Mimi nikimweka mwali, shangazi wote wanakuja kukagua chumba. Wanagonga ukuta, wanatazama paa, hata kitanda wanakilalia. Nyie wenye shule mnatuona sisi wajinga, lakini nani hajui kumtunza mtoto hapo?"

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Jumatatu nitembeze. Kama unavyowatembeza hao."

Nimetembeza wake za wahandisi na wake za maprofesa, lakini sijawahi kutetemeka kama Jumatatu ile. Bibi Mwamvita alivaa kanga mpya na viatu vya marehemu mumewe. Shule ilikuwa ya kujitegemea, wanakijiji wenyewe walifyatua matofali yake, na watoto walikuwa shambani wanapalilia mihogo ya shule. Wakasimama wote na majembe yao: "Shikamoo, bibi!" Akawaitikia kwa furaha. Mwalimu Pazi, mwalimu mkuu, alitoka ofisini mbio na kiti. Bibi akampita.

"Choo cha wasichana kiko wapi?"

Kilikuwa nyuma ya darasa la mwisho, kimezungushiwa makuti, kinatazama uwanja wa mpira. Hakikuwa na mlango. Hakikuwahi kuwa nao. Bibi alisimama pale muda mrefu, kisha akamwita msichana mmoja mwenye jembe.

"Nyie mnajisitiri vipi hapa, mjukuu wangu?"

Mtoto akaangalia miguu yake. "Tunashikiana kanga, bibi. Mmoja anaingia, wenzake wanashika kanga mlangoni. Asiye na mwenzake anangoja mpaka nyumbani."

"Na wakubwa?"

"Wakubwa wakiwa kwenye siku zao hawaji."

Mwalimu Pazi alianza kueleza kwamba mbao zimeombwa, kwamba halmashauri ya kijiji imelipokea suala, kwamba wilayani nako kuna uhaba. Bibi alimwacha amalize. Kisha akauliza, na mimi sikuwa nimemfundisha aulize wakati gani, alijua mwenyewe:

"Na wako, mwalimu, anasoma wapi?"

Mwalimu Pazi hakukohoa. Alikuwa mtu mkweli, Mungu amlaze pema. Alisema kwa sauti ya chini, "Alikuwa hapa hapa, bibi. Sasa yuko ndani kwa bibi yake, Mzenga."

Walitazamana, wale wawili, kisha mkwe wangu akageuka kuelekea njiani. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema peke yake. Tulipofika uani ndipo aliponigeukia, ana hasira ya machozi.

"Namficha mtoto asionekane hata na mjomba wake. Wewe unataka nimtoe akaonekane na uwanja mzima? Hiyo shule naikataa. Umesema mtu anaruhusiwa kukataa."

"Anaruhusiwa, mama."

Akaingia ndani. Nikajua nimeshindwa, na nimeshindwa kwa haki, hilo ndilo lililokuwa chungu. Kama angekuwa Mama Birgit ningemwambia yale yale: choo hiki hapana, twende nyingine. Lakini Mwajuma hakuwa na nyingine. Nililala nimeegemea ukuta wa chumba chake, tukinong'onezana hesabu za sehemu mpaka usingizi ukamchukua.

Alfajiri niliamshwa na kelele za chuma. Bibi Mwamvita alikuwa amepiga magoti, anang'oa misumari ya bawaba za mlango wa chumba cha mwali kwa ncha ya panga.

"Usinitazame. Shika huku."

Mlango ule aliuchonga mumewe mwaka walipooana. Mabinti zake wote waliwekwa nyuma yake, na wote walitoka kupitia hapo kwa ngoma na vigelegele. Ulikuwa mzito mno. Tulipouinua kutoka kwenye miimo, mwanga wa asubuhi uliingia chumbani kwa mara ya kwanza tangu mtoto awekwe, na Mwajuma akajifunika uso kwa mikono, mweupe kama chipukizi lililoota chini ya jani.

Somo yake alifika akapiga ukelele. "Bibi Mwamvita! Mwali anatoka bila ngoma?"

"Kwani unaona ana mlango?" bibi akamjibu. "Chumba kiko wazi, nitamwekaje humo? Ngoma tutaipiga akimaliza mtihani, na wewe ndiye utakayeshika manyanga. Sasa mfunike mtoto."

Tukatoka hivyo. Bibi mbele, mimi nyuma, mlango mabegani mwetu. Mwajuma akafuata ubavuni na somo yake, kafunikwa kanga mbili, mlango ukimkinga asionekane na watu wa njiani. Waliokutana nasi walisimama, wakatupisha. Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu pale aliujua mlango ule.

Mwalimu Pazi alitupokea bila hotuba. Alivua koti, akatafuta nyundo, akazichimbia nguzo upya kwa sababu mlango ulikuwa mpana kuliko nafasi. Alipomaliza, bibi aliingia, akajifungia, akakaa humo muda wa kutosha, akatoka. "Sasa mwingize darasani," akasema. Wiki iliyofuata nilisikia mwalimu amekwenda Mzenga, amerudi na binti yake.

Nilirudi Kibaha nikamsimulia Mama Birgit yote. Alisikiliza, kisha akamwandikisha Elin katika lile darasa dogo la mradi, na aliponieleza sababu sikushangaa: mwalimu wa pale alikuwa na mtoto wake mwenyewe kwenye dawati la mbele.

Mwajuma alifanya mtihani. Najua mnangoja niwaambie alifaulu akawa daktari. Hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache mno, na mwaka ule kijijini kwetu hakupita hata mmoja, si binti yangu wala wa mwalimu. Nililia kuliko mwanangu. Nilikwenda kumpa bibi habari hizo nikiwa na aibu, kwa maana alikuwa amevunja nyumba yake kwa neno langu.

Alikuwa uani, anamenya mihogo ile ile. Nyuma yake chumba kilikuwa kimetundikwa pazia la kanga.

"Kwa hiyo basi?" akauliza.

"Basi, mama. Nimwambie Mwalimu Pazi aurudishe mlango?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Yule mtoto niliyemuuliza, mwenye jembe. Yuko darasa la ngapi?"

"La tano, nadhani."

"Uache mlango."

Yule mtoto alichaguliwa. Ni yeye aliyekuja kuwa mwalimu pale pale. Mwajuma alijifunza ushonaji, akaolewa, akalea, na binti zake watatu aliwaweka ndani wakati wa likizo tu, kisha shule ikifunguliwa wanarudi. Ndivyo alivyoamua, wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo, binti wa jirani, mwenye vipeperushi vyako: bwawa la kuogelea ni zuri, sikukatazi. Lakini nenda mwenyewe, na uanzie nyuma. Simama bombani. Uliza lile swali, na ujiandae, kwa sababu siku moja mtu atakuuliza wewe, na jibu lako litakuwa na watoto wa wenzako ndani yake.

Bibi Mwamvita alifariki miaka mingi baadaye, kabla sijastaafu. Tulimwosha katika chumba kile cha uani, kama alivyotaka. Mlango haukuwapo, na wanaume walikuwa wamejaa uani, kwa hiyo wanawake walisimama kizingitini wakashikilia kanga mpaka tukamaliza. Mwajuma alishika ncha moja, yule mtoto wa jembe, sasa mwalimu, akashika ya pili. Msiba mzima watu waliingia na kutoka, na hakuna aliyeuliza mlango umekwenda wapi.